Hajazoea, Amekata Tamaa

Kuna kanuni moja ambayo wafugaji wa nyoka hurithishana kana kwamba iliteremshwa: nyoka akikuuma ukiwa umemshika, usimrudishe kizimbani. Endelea kumshika. Ukimrudisha, wanasema, atajifunza kwamba kuuma kunafaa, na kesho atauma tena. Kama unaogopa vaa glavu, kaza moyo, subiri mpaka atulie. Akishatulia ndipo umweke chini, na hapo utakuwa umemwonyesha nani mwenye nyumba. Rudia kila siku. Baada ya wiki chache utakuwa na nyoka ambaye unaweza kumvaa shingoni kama skafu.

Ninaandika kuipinga kanuni hii. Wala sisemi kwamba haifanyi kazi. Inafanya kazi vizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu hakuna anayeuliza ni kazi gani.

Nianze na nyoka mwenyewe, maana wengi wetu tuliokulia pwani hatujawahi kumtazama nyoka aliye hai zaidi ya sekunde tano, na katika sekunde hizo tano tulikuwa tunatafuta jiwe. Anayezungumziwa hapa ni chatu mdogo ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme na Wamarekani humwita chatu mpira. Kwa jina la kitaalamu ni Python regius. Mkubwa wake hufika mita moja na nusu hivi, hana sumu, na ni Mwafrika: anaishi kuanzia Senegal hadi kaskazini magharibi mwa Uganda, mchana akijificha katika mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, usiku akitoka kuwinda. Tangu miaka ya 1970 mamilioni yao wamesafirishwa wakiwa hai kutoka Togo, Benin na Ghana kwenda Marekani na Ulaya. Leo wengine wengi huzaliwa hukohuko, katika droo za plastiki, kwa rangi ambazo porini hazionekani.

Kwa nini yeye, kati ya aina zote za nyoka? Muuzaji atakwambia: kwa sababu ni mpole. Ni nyoka wa kuanzia. Lakini angalia upole huo umejengwa na nini. Nyoka huyu akiogopa sana hujiviringisha akawa donge, kichwa akakificha katikati, akakaa kimya mpaka hatari ipite. Jina la mpira limetoka hapo. Yaani tumechagua, kati ya nyoka wote wa dunia, yule ambaye woga wake unafanana na utulivu, tukampeleka sokoni kwa sifa hiyo. Swila akikuogopa utajua. Fira akikuogopa mtaa mzima utajua. Huyu akikuogopa unampiga picha.

Ila wapo wasiofuata maelezo ya muuzaji. Mwenzangu ninayekaa naye nyumba moja, katika mji wa kaskazini mwa Uingereza ninakosoma shahada ya uzamili ya saikolojia, alimchukua mmoja wa aina hiyo Oktoba iliyopita. Mwenye nyoka wa kwanza alimtoa bure kwa sababu "amekuwa mkali". Alifika ndani ya foronya iliyofungwa fundo, na pamoja naye jozi ya glavu za bustani zenye matundu madogo madogo kwenye kidole gumba. Mwenye nyoka alitupa na maelezo: mshikeni kila siku nusu saa, akiuma msimwachie, mimi nilikuwa sina muda tu. Mama yangu, huko Tanga, alipoona picha alisema jambo moja, "Mwanangu, huyo mdudu atoke humo ndani," na sitajifanya kwamba sikumwelewa.

Tulimpa jina la Bwana Mdogo. Ukifungua kizimba alikuwa anavuta shingo nyuma ikawa kama herufi S, anapumua kwa sauti kama mtu anayepuliza chai, na kichwa kinaufuata mkono wako popote uendapo. Ukizidi kusogea, anachapa. Meno ya chatu huyu ni mafupi, membamba kama sindano. Ni damu kidogo na sabuni na basi. Kwa ukweli ni jeraha dogo kuliko la paka. Lakini mtu akiumwa na nyoka haumii ngozi peke yake, anaumia heshima, na nadhani kanuni ile ya kutomwachia ilizaliwa hapo, katika heshima iliyoumwa, kabla ya kupewa maelezo ya kisayansi.

Sasa twende kwenye hayo maelezo, kwa kuwa yana nusu ya ukweli ndani yake na nusu ya ukweli ni ngumu kuipiga kuliko uongo mtupu.

Ni kweli kwamba mnyama hurudia kile kilichomwondolea adha. Kama aliuma na mkono ukaondoka, kuuma kumelipa. Hakuna mwanasaikolojia atakayebisha. Lakini kanuni inaanza kuhesabu kuanzia meno. Inasahau yote yaliyotangulia. Kabla ya kuuma, ulimi uliokuwa unatoka na kuingia ulisimama. Mwili ulikaza. Shingo ilikunjika. Pumzi zikawa na sauti. Hayo yote yalikuwa maneno, na kila neno lilipuuzwa, mpaka likabaki moja tu ambalo halipuuziki. Kama mkono ungerudi nyuma pale shingo ilipokunjika, nyoka angejifunza kwamba kukunja shingo kunatosha, wala asingefika kwenye kuuma. Mfugaji anayelalamika kwamba nyoka wake huuma bila kuonya, mara nyingi ndiye aliyemfundisha kwamba maonyo hayana msikilizaji.

Na baada ya kuuma? Anashikwa. Anauma tena, bado anashikwa. Anajipinda, anakunya mikononi (hufanya hivyo, na harufu yake huisahau), bado anashikwa. Mwishowe anaacha. Mfugaji anapumua, anatabasamu, anasema: ameanza kuzoea.

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichapisha jaribio ambalo leo kila mwanafunzi wa saikolojia hulisoma na wachache hulisahau. Mbwa walifungwa wakapigwa na umeme. Baadhi waliweza kuuzima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wengine walipata umeme uleule, kwa muda uleule, ila chochote walichofanya hakikubadilisha kitu. Kisha wote waliwekwa katika sanduku ambalo mbwa angeweza kuruka kizuizi kifupi akaokoka. Wale waliokuwa na kibao waliruka. Wengi wa wale wengine walilala chini, wakalia kidogo, wakaupokea umeme mpaka ukaisha. Mlango ulikuwa wazi. Mtu aliyepita dirishani, asiyejua habari za umeme, angeweza kusema kwamba wale mbwa wa pili ndio watulivu zaidi.

Miaka karibu 50 baadaye, mwaka 2016, watu walewale wawili walirudi kuisahihisha nadharia yao kwa kutumia yale yaliyogunduliwa kuhusu ubongo. Walisema walikuwa wameigeuza kichwa chini. Kukaa bila kufanya kitu mbele ya adha ya muda mrefu hakujifunzwi. Ndiyo hali ya mwanzo, ubongo hujiangukia wenyewe huko. Kinachojifunzwa ni kinyume chake: kwamba nina uwezo juu ya kinachonipata. Nilipoisoma makala ile maktabani nilifikiria glavu za bustani.

Najua kuna pengo kati ya mbwa na nyoka, na sitaki kulivuka kwa kukimbia. Sidai kwamba ninajua Bwana Mdogo anahisi nini. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba utulivu unaopatikana kwa kumshika mnyama mpaka achoke hauthibitishi kwamba ameridhika, na anayeutumia kama ushahidi ndiye mwenye deni la kuthibitisha.

Kiswahili chetu nacho kina lawama yake. Tuna neno "atazoea", na sijui neno jingine lililofunika mengi kama hili. Mtoto wa miaka kumi amepelekwa bweni, analia usiku: atazoea. Binti ameletwa mjini kufanya kazi za ndani, anaamka saa kumi alfajiri na kulala saa sita usiku: atazoea. Bibi harusi hataki kurudi kwa mumewe, shangazi anamfunga kanga upya kiunoni: utazoea, mwanangu, sote tulizoea. Na kweli, wiki ya tatu mtoto halii. Matroni anaandika kwamba amezoea mazingira. Tunayo hata methali ya kuisimamia shughuli hii, samaki mkunje angali mbichi, na ajabu ni kwamba katika miaka yote ya kuiandikia insha shuleni hakuna mwalimu aliyetukumbusha kwamba samaki huyo ameshakufa.

Sasa angalia jinsi binadamu anavyotibiwa hofu ya nyoka. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alifanya kazi yake ya mwanzo Chuo Kikuu cha Witwatersrand kwa kutumia paka. Aliwatia hofu ya kizimba kwa umeme mpaka wakakataa kula ndani yake. Halafu akawalisha katika chumba kisichofanana sana na kile cha jaribio, kisha kingine kinachofanana zaidi, kisha kingine, mpaka wakala ndani ya kizimba chenyewe. Kutokana na paka hao, na kutokana na kazi ya Mary Cover Jones aliyemsogeza sungura kidogo kidogo kuelekea kwa mtoto aliyekuwa anakula, mwaka 1924, ikajengwa tiba ambayo leo mtu yeyote anayeogopa lifti au damu atapewa kliniki: pole pole, ngazi kwa ngazi, kwa kasi yako wewe.

Mwaka 1969 Albert Bandura na wenzake wa Stanford walichukua watu wanaoogopa nyoka hata kushindwa kufanya kazi bustanini, wakawapandisha ngazi. Mtazame kupitia dirisha. Ingia chumbani. Mguse kwa glavu. Mguse kwa mkono mtupu. Hakuna aliyesukumwa kwenye hatua inayofuata kabla ya kuiweza iliyotangulia. Ngazi ya mwisho ilikuwa kumwacha nyoka atambae mapajani mwako huku mikono imetulia pembeni.

Basi binadamu akimwogopa nyoka, tunampa ngazi. Nyoka akimwogopa binadamu, tunampa nusu saa kila siku na glavu. Ngazi yenyewe tuliiokota kwa wanyama, halafu tukawanyima.

Kuna watakaosema nyoka hana akili ya kupanda ngazi yoyote. Huu ni uvivu. Mwaka 1999 David Holtzman na wenzake, Chuo Kikuu cha Rochester, walionyesha kwamba nyoka wadogo wa mahindi, aina ya Marekani inayofugwa sana, hujifunza mahali lilipo tundu la kutokea katika uwanja wenye matundu kadhaa, na siku baada ya siku hulifikia kwa njia fupi zaidi. Na hata huhitaji Rochester. Mtu akikwambia nyoka hawezi kujifunza kitu, kisha akakuonya usimrudishe kizimbani asije akajifunza kwamba kuuma kunafaa, muulize achague moja.

Njia nyingine ipo, na haina siri. Huanza kwa kutomshika kabisa. Mwenzangu alikaa wiki mbili na ushee akibadilisha maji tu, mpaka Bwana Mdogo alipokula. Katika wiki hizo alirekebisha mambo ambayo mwenye nyoka wa kwanza hakuyagusa: sehemu ya joto ilikuwa baridi mno, na maficho yalikuwa moja, kubwa kama kibanda cha mlinzi, wakati chatu huyu hutaka tundu linalomgusa mgongo pande zote. Akaweka mawili, moja upande wa joto wa nyuzi 31 hivi na moja upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya kujipasha joto na kujificha. Nyoka mkali mara nyingi ni nyoka mwenye baridi, au mwenye utitiri, au mwenye maumivu, au asiye na pa kuingiza kichwa, na hapo hakuna mafunzo yanayohitajika. Linahitajika duka la vifaa vya umeme, au daktari.

Kisha harufu. Nyoka huionja hewa kwa ulimi na kuupeleka mdomoni kwenye kiungo kinachosoma harufu. Kwake, wewe ni harufu kabla hujawa sura. Kipande cha fulana iliyovaliwa kiliwekwa pembeni mwa kizimba na kuachwa. Baadaye mkono uliwekwa ndani jioni, wakati anapoamka, ukakaa chini bila kufanya kitu, mbali naye, dakika tano. Akikunja shingo, mkono unarudi nyuma, bila kushtuka, mpaka shingo ilegee. Haya ndiyo wanayoyaita kumdekeza. Mimi naona ni kumjibu.

Mkono hauji kutoka juu, kwa sababu huko ndiko kunakotoka mwewe. Hauji siku mbili baada ya kula. Hauji macho yanapokuwa na ukungu wa bluu, dalili kwamba anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri (Watanzania waliokuwa watu wazima mwaka 2011 wanalijua neno hilo kwa habari nyingine, nyoka huwa analivua kweli). Na chakula hakiji kwa mkono. Kinakuja kwa koleo refu, baada ya kuonyeshwa kijiti chenye mpira mweupe nchani, ili kijiti kimaanishe panya na mkono usimaanishe panya. Nusu ya kinachoitwa ukali ni njaa iliyokosea anwani.

Katikati ya Januari Bwana Mdogo aliupanda mkono ule. Hakushikwa, mlango ulikuwa wazi, mkono ulikuwa sakafuni mwa kizimba, akapita juu yake akielekea nje kama mtu anayevuka daraja, ulimi ukifanya kazi wakati wote. Alikwenda mpaka kwenye rafu ya vitabu, akakaa nyuma ya kamusi, na baada ya robo saa akarudi mwenyewe. Nilikuwepo. Naandika hivi nikijua kwamba nyoka mmoja si ushahidi wa chochote, na kwamba kwa njia ile ya glavu angekuwa ameshavaliwa shingoni tangu Novemba.

Nakubali pia jambo ambalo wenzangu wa upande huu hawapendi kulikubali. Mazoea ya kweli yapo. Kitu kisicho na madhara kikirudiwa mara nyingi, mwili huacha kukishangaa, na wapo nyoka walioshikwa kila siku tangu wadogo ambao hawaonyeshi dalili yoyote ya kuteseka. Tofauti inaonekana ukiitafuta. Aliyezoea ana misuli iliyolegea, ulimi unaotoka, kichwa kinachochunguza. Akirudishwa anakula siku yake ya kula. Aliyekata tamaa amekaza au amelegea kupita kiasi, ulimi haupo, kichwa kimetafuta kwapa la kujificha, na pengine anasusa chakula wiki kadhaa na mwenyewe anasema ni msimu. Lakini kipimo kizuri kuliko vyote ni mlango. Uache wazi uone anaenda wapi. Wafugaji wengi niliokutana nao hawajawahi kukijaribu, na nadhani ni kwa sababu wanalijua jibu.

Kuna mji mmoja, Ouidah, huko Benin, ambako chatu wa aina hiihii hutunzwa katika hekalu lao na wafuasi wa Vodun. Huachwa watoke usiku kutembea mjini, na anayemkuta mmoja nyumbani mwake humrudisha kwa adabu. Sitaki kuipamba Ouidah. Mchana chatu walewale huvishwa shingoni mwa watalii. Wala sitaki tuseme kwamba Mwafrika na nyoka ni jiwe tu, wakati Wasukuma wa Bayeye wamecheza ngoma na chatu kwa vizazi. Ninachokiona ni kwamba kilomita chache kutoka mahali wanapokamatwa ili wauzwe, mtu aliwahi kufikiria kumwachia nyoka mlango.

Hoja iliyobaki ni ile ya mama: kwa nini kumfuga kabisa? Nusu yangu inakubaliana naye. Mnyama anayeishi miaka 20, 30, na zaidi, ndani ya sanduku, ili sisi tupumzishe macho, ni jambo la kujieleza sana. Lakini Bwana Mdogo ameshazaliwa, hapa, katika nchi ya baridi ambako porini hakuna hata wiki moja angeishi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Uingereza ya mwaka 2006 inamlinda kama inavyomlinda mbwa, na inamtaka mwenye naye ampe nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili. Kujificha ni tabia yake ya asili. Kukataa kushikwa nako ni tabia yake ya asili.

Ndiyo maana swali ambalo huwa natupiwa la "sasa nyoka asiyeshikika wa nini?" siku hizi silijibu kwa upole. Paka asiyependa kubebwa ni wa nini? Shemeji yako asiyependa kukumbatiwa ni wa nini? Wapo chatu ambao hata kwa ngazi, joto na subira hawataupanda mkono wa mtu maisha yao yote, na hao watalishwa, watapashwa moto, watatazamwa kupitia kioo, basi. Mahitaji ya lazima yana njia yake. Mwenzangu amemfundisha Bwana Mdogo kuingia kwenye kisanduku cha plastiki chenye kitambaa ndani, kwa kumfuatisha kijiti. Siku ya daktari au ya kusafisha, kinafunikwa na kubebwa. Mwezi uliopita kiliwekwa juu ya mizani ya jikoni. Toa uzito wa kisanduku na kitambaa, alikuwa gramu 1,540, na hakuna aliyemgusa.